Amri na Somo: Habari za Mafundisho ya Chakula kwa Wenye Kisukari

Maradhi mengi humtaka mgonjwa alale na tabibu afanye kazi. Kisukari hakiko hivyo. Mwenye kisukari huonana na tabibu wake mara chache katika mwaka, na kila mara kwa muda mfupi. Lakini huketi mbele ya sahani yake mara elfu moja na zaidi katika mwaka uo huo, na kila mara yampasa aamue mwenyewe ale nini na kwa kiasi gani. Hapana tabibu awezaye kuketi naye kila mlo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uganga wa maradhi haya imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, na mtu huyo, apende asipende, hana budi kuwa na elimu fulani ya chakula. Jambo hili laonekana dhahiri tukilisema leo. Walakini matabibu walichukua karibu miaka mia mbili kujifunza namna ya kuzungumza na mtu mzima juu ya chungu chake. Nadhani habari za miaka hiyo zastahili kuandikwa kwa Kiswahili, maana nchi zetu nazo zimekwisha ingia katika mambo haya.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Waganga wa Kihindi waliujua mkojo wenye utamu wa asali uvutao sisimizi, na Aretaeus wa Kapadokia, aliyeandika kwa Kiyunani, alieleza kiu isiyokatika na kukonda kwa mgonjwa hata mauti. Lakini kujua dalili si kujua la kufanya, na kwa karne nyingi hapakuwa na la kufanya.

Mwanzo wa habari yetu ni mwaka 1797. Mwaka huo John Rollo, tabibu mkuu wa jeshi la mizinga la Uingereza, alichapisha kitabu juu ya wagonjwa wawili wa kisukari. Wa kwanza alikuwa Kapteni Meredith. Rollo alimkataza nafaka na mboga, akamlisha nyama na mafuta, hata mafuta yaliyochacha, na sukari katika mkojo wake ikapungua. Hoja ya Rollo ilikuwa na ukweli ndani yake: alitambua kwamba sukari ile yatokana na chakula, hasa chakula cha mimea. Lakini tuangalie namna ya kutoa dawa hiyo. Ilikuwa amri ya askari kwa askari. Meredith aliambiwa la kutenda, akatenda. Wengine walioambiwa walishindwa, na Rollo mwenyewe alinung'unika kwamba wagonjwa hawashiki masharti. Sishangai. Mtu anyimwaye mkate na kupewa mafuta yaliyochacha, tena asielezwe sababu kwa maneno ayafahamuyo, ataanza kutazama kabati usiku.

Kutoka hapo lilizuka kosa moja lililodumu mno, nalo ni kumhesabu mgonjwa kuwa mwizi. Katika karne ya kumi na tisa Arnaldo Cantani, tabibu mashuhuri wa Napoli huko Italia, aliwafungia wagonjwa wake vyumbani kwa ufunguo ili wasile ila alichowapimia. Hakuwa mtu mkatili. Aliona wagonjwa wakifa kwa sababu ya mkate, akatia kufuli baina yao na mkate. Lakini ufunguo hauendi nyumbani na mgonjwa. Siku atokapo hospitali hana alichojifunza ila kwamba hakuaminiwa.

Mtu wa kwanza aliyeshika njia nyingine, kwa kadiri nionavyo, ni Apollinaire Bouchardat. Alizaliwa mwaka 1806, akawa mtengeneza dawa na tabibu katika hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji ule. Mkate ukawa adimu, njaa ikaingia nyumba hata nyumba. Bouchardat aliona jambo la ajabu: baadhi ya wagonjwa wake, waliokuwa wakitoa sukari nyingi katika mkojo wakati wa shibe, sasa sukari ilikuwa imewatoka kabisa. Vita iliwafanyia lile ambalo maneno ya tabibu hayakuweza kufanya. Alipata kutoka hapo hoja ya kwamba mwenye kisukari apunguze kiasi cha chakula chote, si wanga peke yake, na katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1875 aliyaeleza hayo pamoja na faida ya kuutumikisha mwili.

Lakini hayo si makubwa aliyoyafanya Bouchardat. Makubwa ni kwamba alimfundisha mgonjwa kupima mkojo wake mwenyewe kila siku. Fikiri maana ya jambo hilo. Kabla yake kipimo kilikuwa mkononi mwa tabibu, na mgonjwa alingojea hukumu. Sasa mtu alikula kipande cha mkate, akapima, akaona kwa macho yake mkate ule umemgharimu nini. Kesho akala mboga za majani badala yake, akapima tena. Hakuambiwa kwamba mkate ni adui. Aliuliza, akajibiwa na mwili wake. Wagonjwa wawili waliokula sawa waliweza kupata majibu mbali mbali, na Bouchardat alikubali kila mmoja awe na kiasi chake. Hapo ndipo amri ilipoanza kugeuka somo. Yeyote ambaye leo hutoboa kidole kwa sindano na kutazama tarakimu katika chombo kidogo cha kupimia damu hufuata desturi iliyoanzishwa na mzee huyu, aliyefariki mwaka 1886.

Miaka ya baadaye ilikuwa migumu. Huko Marekani Frederick Allen alieneza tiba ya njaa: mgonjwa afunge kabisa hata sukari imtoke, kisha apewe chakula kidogo kidogo. Watoto walibaki mifupa na ngozi. Wengi wamemlaumu Allen. Mimi siwezi, maana hapakuwa na dawa nyingine, na baadhi ya waliokonda kwa amri yake waliishi hata wakaifikia insulini. Wakati huo huo mjini Boston Elliott Joslin, ambaye mama yake mzazi alikuwa na maradhi haya, alishika shauri la mafundisho. Mwaka 1918 alitoa kitabu cha mwongozo alichokiandikia tabibu na mgonjwa kwa pamoja, jambo lililokuwa geni, kwani vitabu vya uganga viliandikwa kwa matabibu tu. Aliwakusanya wagonjwa wakasoma darasani kama wanafunzi, akawatuma wauguzi waende majumbani mwao wakaone jiko lilivyo. Kwake yeye mafundisho hayakuwa nyongeza ya tiba; yalihesabiwa kuwa tiba yenyewe.

Januari 1922, Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa sindano ya insulini, dawa iliyotokana na kazi ya Banting, Best, Macleod na Collip. Ingedhaniwa kwamba sasa habari ya chakula imekwisha: dawa imepatikana, watu wale. Mambo yalikuwa kinyume. Insulini ikizidi na chakula kikipungua, sukari ya damu hushuka, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho, huanguka, na huweza kufa. Basi mgonjwa wa zamani alihitaji kujua chakula ili asife polepole, na mgonjwa mpya alihitaji kukijua ili asife ghafula.

Aliyelifahamu hilo kwa uchungu wa nafsi yake ni Robert Lawrence, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1892. Alikuwa tabibu kijana katika hospitali ya King's College mjini London alipogundulika kuwa na kisukari. Kwa siku zile hiyo ilikuwa hukumu ya kifo. Alikwenda Florence, Italia, ili asifie mbele ya jamaa zake. Huko, mwaka 1923, alipata habari kutoka kwa mwenzake wa London kwamba insulini imefika nayo yafaa. Akapanda gari akiwa dhaifu, akavuka Ulaya, akafika, akapona kufa. Aliishi hata mwaka 1968.

Mwalimu mwenye maradhi ya mwanafunzi wake hafundishi kama mwalimu mwingine. Mwaka 1925 Lawrence alitoa kitabu cha maisha ya mwenye kisukari, na alibuni mpango wa chakula ulioenea sana Uingereza, mpango wa mistari. Vyakula vilipangwa katika orodha mbili, nyeusi na nyekundu. Kila sehemu nyeusi ilikuwa na gramu 10 za wanga. Kila sehemu nyekundu ilikuwa na kiasi kilichojulikana cha protini na mafuta. Mgonjwa aliambiwa idadi ya sehemu zake za siku, kisha akachagua mwenyewe: leo viazi, kesho mkate, keshokutwa tunda. Uhuru mdogo huo wa kuchagua ulikuwa mkubwa kwa mtu aliyezoea kukatazwa. Mwaka 1934 Lawrence na mwandishi H. G. Wells, naye mwenye kisukari, walianzisha chama cha wagonjwa wenyewe. Lisbon, Ureno, walikuwa wamewatangulia: huko mwaka 1926 tabibu Ernesto Roma, aliyeiona insulini Marekani, aliasisi chama cha kuwahifadhi maskini wenye kisukari, cha kwanza cha namna yake duniani, kwani alijua kwamba dawa ghali na chakula teule ni mzaha kwa asiye na kitu.

Mpango wa Lawrence ulikuwa na udhia mmoja: mizani. Kila kitu kilipimwa kwa uzani, na mizani ilikaa mezani kama mgeni asiyeondoka. Nani atapeleka mizani arusini au matangani? Mwaka 1950 vyama vya Marekani vya kisukari na vya wataalamu wa lishe, pamoja na idara ya afya ya serikali yao, vilitoa orodha za vyakula vya kubadilishana, ambazo kipimo chake ni kikombe na kijiko, vitu vilivyomo katika kila jiko la Marekani. Ilikuwa hatua njema, na sina neno dhidi ya waliozitunga. Neno langu ni juu ya safari za orodha hizo. Ziliigwa zikapelekwa kila pembe ya dunia, na mara nyingi jiko la Marekani lilisafiri pamoja nazo.

Naomba msomaji anivumilie nieleze la nyumbani. Shangazi yangu alipoambiwa kwamba ana kisukari, alitoka kliniki na karatasi moja ya chapa. Ilimshauri ale vipande viwili vya mkate wa ngano isiyokobolewa, nusu ya tufaha, uji wa shayiri na maziwa yaliyoondolewa mafuta. Shangazi ni mpishi wa ugali, muhogo, mchicha, maharage na samaki. Tufaha aliliona sokoni likiuzwa kwa bei ya kuku wa kesho. Alinisomesha karatasi ile mara mbili, kisha akaniuliza: "Mwanangu, muhogo wangu umo humu?" Nikamwambia haumo. "Basi haya ni maradhi ya watu wengine," akasema, akaikunja. Hakuna aliyemdanganya wala kumtendea vibaya. Aliyempa karatasi alimpa alichokuwa nacho. Lakini aliporudi mwezi wa pili na sukari yake iko juu, aliambiwa hafuati masharti. Nikamkumbuka Cantani na ufunguo wake.

Habari za kosa hili na za kulisahihisha zapatikana huko huko Marekani, kwa maskini wake. Mwaka 1972 Leona Miller na mwenzake walieleza kazi yao katika hospitali kubwa ya umma ya Los Angeles, ambako waliofika wengi hawakuwa na fedha. Waliwafundisha wagonjwa na kuwapa nambari ya simu ya kuulizia shauri wakati wa shida. Waliolazwa hospitali wakapungua sana. Geneva, Uswisi, tangu mwaka 1975 Jean-Philippe Assal alikuwa na idara ya tiba na mafundisho kwa pamoja, naye alisisitiza kwamba matabibu pia wafundishwe kufundisha. Jambo hili la pili ndilo gumu. Mtu aliyesoma uganga miaka mingi hapendi kuambiwa kwamba hajui kusema na mama mpishi.

Lakini mfano nionao kuwa bora kuliko yote watoka Starr County, wilaya ya Texas iliyo kando ya mto Rio Grande, mpakani mwa Mexico. Wakazi wake karibu wote ni wa asili ya Mexico, ni miongoni mwa watu maskini wa Marekani, na kisukari kimewaandama mno. Katika miaka ya 1990 wataalamu, Sharon Brown na Craig Hanis wakiwa wakuu wao, waliunda darasa kwa ajili ya watu wale. Lilikuwa la saa 52 katika mwaka: kwanza masomo ya kila juma, kisha mikutano ya kusaidiana. Lilifundishwa kwa Kihispania, si hospitalini bali mahali watu walipozoea kukusanyika. Wauguzi, wataalamu wa lishe na wasaidizi walikuwa watu wa mahali pale. Kila mwanafunzi alikuja na mtu wake, mume au mke, mtoto au rafiki, maana chungu cha nyumba si cha mtu mmoja. Filamu za mafunzo zilipigwa katika wilaya ile ile. Hawakuambiwa waache vyakula vyao. Walifundishwa kuvipika kwa mafuta machache na kuvila kwa kiasi, na somo jingine lilikuwa kwenda dukani pamoja na kusoma maandishi ya pakiti na makopo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Wagonjwa walikuwa 256, nusu wakaanza darasa, nusu wakangoja zamu yao. Kuna kipimo cha damu kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, nacho hutajwa kwa asilimia. Baada ya miezi sita wastani wa waliosoma ulikuwa chini kwa 1.4 kuliko wa waliongoja. Atakayesema ni kidogo ajue kwamba vidonge vingi vya kisukari havizidi hapo. Lakini pia lazima niseme, kwa kuwa wenyewe walisema, kwamba hata hao waliosoma walikuwa bado juu ya 10, kiasi cha hatari. Darasa halikuondoa umaskini wala halikuponya. Napenda taarifa ile kwa sababu haikuficha hilo.

Mwaka uo huo 2002 ulitangazwa uchunguzi mwingine wa Marekani, mkubwa zaidi, wa watu 3,234 ambao hawajawa na kisukari bali wamekikaribia. Waliofundishwa kula vema, kupunguza uzito na kutembea, kwa masomo 16, walipungukiwa na hatari ya kukipata kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metfomini kwa asilimia 31. Masomo yale yalikuwa ya mtu mmoja mmoja, nayo ghali. Baadaye chama cha YMCA mjini Indianapolis kilionyesha kwamba yaweza kufundishwa kwa vikundi, na mwalimu si lazima awe tabibu.

Msomaji wa Tanzania aliye mtu mzima atakuwa ameanza kutabasamu, maana mambo haya ya vikundi na mwalimu asiye tabibu si mageni kwake. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, chini ya mwembe au darasani, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Kiongozi wa kikundi alikuwa jirani aliyepata mafunzo mafupi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, juu ya lishe. Watu wa Starr County hawakuiga Tanzania, wala sina haja ya kudai hivyo. Lakini ukiziweka sura mbili hizi pamoja, lugha ya watu, mahali pa watu, jirani kuwa kiongozi, mazungumzo kabla ya agizo, wafanana kama ndugu.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza ni kwamba Chakula ni Uhai ilikuwa vita juu ya upungufu, si juu ya ziada. Kisukari hakikuwa na nafasi humo, na kwa haki: uchunguzi wa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili katika vijiji sita, uliotangazwa mwaka 1989, ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika 100. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa kwa watu wa miaka 25 hata 64 ulikuta kiasi cha 9 katika 100. Hesabu hizi mbili hazikuchukuliwa kwa njia moja wala kwa watu wa namna moja, basi zisipimwe kama gunia na gunia. Lakini mwelekeo wake haufichiki. Tofauti ya pili ndiyo nzito zaidi. Choo kikichimbwa kimechimbwa. Majuma 12 yatosha kuchimba choo. Hayatoshi kwa sahani, ambayo kesho huja tena tupu. Ndiyo sababu wale wa Texas waliongeza mikutano ya kusaidiana baada ya masomo kwisha, na hapo ndipo kazi ya Chama cha Kisukari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1985, na ya kliniki zetu, ilipo ngumu: kupata fedha za darasa lisilo na siku ya kufunga.

Shangazi yangu alipata darasa lake kwa bahati. Muuguzi mmoja mstaafu wa mtaani kwao hukusanya watu barazani kwake Jumamosi alasiri. Hana karatasi ya chapa. Huchora sahani sakafuni kwa chaki, nusu yake mboga, robo ugali au wali, robo samaki au maharage, na kila mmoja huja na bakuli lake la nyumbani ili lipimwe kwa macho ya wote. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta shangazi akibishana na mwalimu wake kuhusu muhogo wa kuchemsha na muhogo wa nazi, ni kiasi gani cha huu kilicho sawa na kiasi gani cha ule, na kama tui la kwanza lihesabiwe. Ubishi ulichukua nusu saa, wengine wakiingilia kila mmoja na bakuli lake, na kwa kadiri nilivyoweza kukagua, hesabu ya shangazi ilikuwa sahihi.